Minyoo wa Mapafuni, Minyoo wa Matopeni

Minyoo wa aina mbili wanawezaje kuwa na vinasaba vilevile? Msimamizi wangu aliniuliza hivyo huku ameegemea friji la maabara, pale Ifakara.

Wa kwanza niliwatoa kwenye mapafu ya vyura wa majaruba ya mpunga ya Katindiuka: wanene, matumbo yamejaa damu, na hakuna dume hata mmoja. Wa pili niliwakuta kwenye tope la ndoo niliyowafugia vyura haohao: wadogo, huwaoni bila darubini, madume na majike. Msimamizi alishaamua ni jamii mbili. Mashine ya vinasaba ikasema ni moja.

"Shikamoo, mwalimu." Bila hiyo hubishani na mtu wa umri wake.

"Marahaba. Umechanganya vichupa."

"Sijachanganya."

"Mwanangu, kazi hii nimeianza hujazaliwa."

Kazi ipi? Alikuwa mtaalamu wa samaki. Vyura alikabidhiwa kwa sababu nao wanakaa majini.

Nikarudi Katindiuka. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia mpunga akainuka, mikono kiunoni. "Dada wa vyura! Wale wa juzi umewazika?"

"Mwache," mwenzake akadakia, "anachagua mchumba."

Nikajaza ndoo. Nikarudia kazi yote kwa vichupa vipya na glavu mpya. Jibu lilelile. Msimamizi akavua miwani, akaifuta polepole.

"Basi mashine imechafuka."

Sharti lake lilikuwa jepesi: nikiitoa sura ya minyoo hao, anasaini tasnifu yangu; nikiibakiza, nasubiri mwaka mwingine. Ndiyo ilikuwa sura pekee yenye jambo lililonishangaza. Nyingine zote zilikuwa majina ya minyoo niliyoyalinganisha na majina yaliyotolewa na watu ambao nao walilinganisha na ya wengine. Utaalamu mtupu.

Niliitoa. Jopo la watahini likaisifu tasnifu kwa kuwa safi, wakaniuliza ninapanga kufanya kazi wapi, kisha tukaenda kunywa soda.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba mnyoo wa mapafuni ni dume na jike katika mwili mmoja, na kwamba watoto wake hutoka na kinyesi cha chura, hukua matopeni wakiwa madume na majike, huzaana humo, na wanaotoboa ngozi ya chura ili warudi mapafuni ni wajukuu wake.