Mkanda wa Mashine Tusiyokuwa Nayo

Mimi ni mtu wa Kongolo, na watu wa Kongolo tunajisikia. Nilipoolewa Kalemie nilikuja na masanduku mawili, diploma ya sekondari na ujuaji wa kutosha ukoo mzima. Mama mkwe alinipokea vizuri, akanionyesha kisima, akanionyesha shamba, kisha akanipa jembe. Diploma aliishika siku ya kwanza, akasema karatasi yake ni nzito, akanirudishia.

Alikuwa mkubwa wa kikundi cha wanawake kumi na wanne, mimi nikiwamo, waliolima mahindi na karanga kwenye bonde la Lukuga, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini. Kazi waliiendesha kwa likelemba: leo wote wanalima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa mwingine, mpaka mzunguko unaisha. Utaratibu ulikuwa mzuri, ila viuno havikuukubali. Baada ya misimu miwili karanga zilitoka vizuri, tukapatana kununua trakta ndogo, ile ya magurudumu mawili ambayo mtu anatembea nyuma yake ameishika kama toroli.

Kwa kuwa nilijua Kifaransa walinifanya mwandishi wa kikundi. Na kwa kuwa nilikuwa mwandishi, nikajifanya fundi pia.

Miaka ile ya Zaire, Kalemie ilikuwa na watu wawili tu wa kukuuzia trakta ndogo. Wa kwanza alikuwa na duka kwenye barabara kubwa, upande wa stesheni ya treni. Duka lenyewe sasa! Feni juu, picha ya Rais ukutani, viti vinne vya wageni, na mwenye duka ndani ya suti ya abakosti iliyonyooshwa kwa pasi. Trakta yake ilikaa chumba cha mbele, nyuma ya kioo, nyekundu, jua la mchana likiipiga. Watu waliotoka kanisani Jumapili walisimama kuitazama.

Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa ziwani, Mubembe wa kaskazini, aliyeleta mashine kutoka Kigoma kwa boti. Hakuwa na kioo wala kiti. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya bandari, na kila juma alivuka ziwa akarudi.

Mama mkwe alimtaka huyo wa pili. Sababu yake ilikuwa moja: walisali kanisa moja.

"Ninamujua," alisema. "Akisema Alhamisi, njo Alhamisi."

"Mama, kusali si kutengeneza mashine," nikamjibu. Leo nikikumbuka nilivyomjibu mama mkwe wangu, naona aibu mpaka masikioni.

"Haya. Sema wewe mwenye kusoma."

Nikasema. Nilimweleza kwamba mashine inanunuliwa siku moja lakini inaharibika siku nyingi, kwa hiyo tusiulize ipi ina nguvu, tuulize nani ataiamsha ikilala. Mpaka hapo nilikuwa sawa, na hata leo sibadilishi neno. Nilipoteleza ni kwenye mtihani niliotunga. Nitakwenda kwa wote wawili, nijifanye tayari nina mashine yao, niombe mkanda wa injini. Atakayeutoa palepale ndiye mwenye vipuri, na ndiye tutakayenunua kwake. Mama mkwe akasema jaribu.

Bandarini nilikwenda peke yangu. Yule mfanyabiashara hakunijua, maana mimi nilisali kwa Wakatoliki.

"Mukaba wa trakta? Leo haiko, Mama," akaniambia. "Ungoje boti ya Alhamisi."

Nikamshukuru, nikampa sifuri kimoyomoyo, nikaondoka.

Dukani mwenye abakosti alinivutia kiti kwenye chumba cha ndani. "Mukaba? Iko, sitwayene! Hapa kila kitu iko." Sitwayene ndiyo "mwananchi" ya miaka ile. Akapotea nyuma ya pazia, kule chumba cha mbele. Nikasikia spana inagonga chuma, kisha kitu kinaanguka, kisha yeye mwenyewe anahema. Nikawaza anafungua sanduku jipya lililotoka Ulaya. Baada ya robo saa akarudi anatoka jasho, mkanda mkononi, anaufuta vumbi kwa leso. Niliulipia, nikauvaa shingoni, nikapita nao barabara nzima kichwa juu.

Wanawake wenzetu hawakuambiwa habari ya mtihani. Desturi ya kikundi ilikuwa neno linatoka kwa mkubwa, na mkubwa aliwaambia tu kwamba tumechagua duka. Iliniuma. Werevu wote ule, na hakuna hata mmoja wa kunipigia vigelegele!

Siku ya kuichukua trakta tulikwenda sisi wawili, tukakuta haina mkanda.

"Kule kiwandani zinatoka bila mukaba," mwenye duka akasema bila kupepesa jicho. "Na nyinyi munao tayari, siyo?"

Tulikuwa nao. Niliuvalisha mimi mwenyewe, ukakaa sawasawa. "Umeona, Mama? Huko ndiko kutangulia." Mama mkwe aliutazama mkanda, akaitazama mashine, akanitazama mimi.

Halafu ikaja furaha, siwezi kusema uongo. Shamba lililokuwa likitutafuna siku tatu liliisha asubuhi moja. Trakta ilipanda na kushuka bondeni, mazutu ya injini ikinuka, udongo ukigeuka, na sisi nyuma tukiokota mawe na kuimba. Mama mmoja mnene alijilaza kwenye udongo uliolimwa, akatangaza kwamba yeye haamki tena, aletewe chakula hapohapo. Majembe tukayapandisha darini. Wenye zamu za mwisho wakakaa kivulini wanasukana nywele, kwa sababu mashine ipo, haraka ya nini?

Tulimaliza mashamba sita. Kwenye la saba, katikati ya tuta la kwanza, pah! Mkanda ulikatika ukarukia kichakani.

Nilirudi dukani sina wasiwasi. Mwenye duka akanivutia kiti kilekile.

"Tutaandika komandi ya mukaba mupya," akasema. "Komandi inaenda Lubumbashi. Lubumbashi wanaandikia Ulaya. Ulaya wanatuma na meli. Halafu piesi inapanda treni, inatufikia."

"Muda gani?"

"Miezi mitatu. Kama treni iko na roho nzuri."

Akanipa kalenda, zawadi ya duka. Nikaisoma njiani: tulikuwa mwisho wa Septemba. Mvua ingeanza wakati wowote, na udongo wa Lukuga ukishalowa trakta inazama. Mashamba manane yalikuwa hayajalimwa, na ukipanda kule mwezi mzima baada ya wengine unavuna majani. Wanawake wanane walikuwa na watoto wa kulisha na minerval ya shule ya kulipa, na wote walikaa kivulini kwa ajili ya mashine niliyoichagua mimi.

Tulijaribu kila kitu. Kamba ya katani ilikwenda hatua kumi. Mpira wa baiskeli ulikwenda hatua thelathini, na harufu yake ikatufukuza wote. Mama mmoja akajitolea kikwembe chake kizee cha kujifunga tukakisokota, mashine ikakimeza chote akabaki ameshika pindo. Tulicheka mpaka machozi, lakini wale wanane walikuwa wa kwanza kunyamaza.

Basi nikashuka bandarini. Nilikwenda polepole, maana nilijua ninachokwenda kumeza.

Mfanyabiashara aliupokea mkanda uliokatika, akaukunja, akaugeuza.

"Wewe njo yule mama aliniuliza mukaba," akasema. "Niliuleta. Alhamisi ileile. Nikakungoja majuma mawili, halafu nikamupa muntu wa Zongwe."

Aliendelea kuuchunguza ule uliokatika.

"Na huu haukuwa mupya, Mama. Angalia: upande moja umeungua na jua, upande mwengine uko muzima. Ulikaa fasi moja miaka mingi. Nyuma ya kioo, nazani."

Hapo ndipo nilipozisikia tena zile spana za nyuma ya pazia. Mwenye duka hakuwa na kipuri hata kimoja. Alikuwa na trakta moja tu duniani, na aliivua mkanda nimekaa kwenye kiti chake, akaniuzia, nikatoka nimeuvaa shingoni. Halafu akaniuzia na mashine yenyewe! Nilimweleza mfanyabiashara yote, na mtihani wangu pia, kwa sababu aibu ilishanizidi sikuwa na cha kuficha. Alicheka kwa adabu, kisha akashindwa na adabu. Na mimi nikacheka. Ningefanya nini?

Akauviringisha mkanda akautia mfukoni. "Alhamisi," akasema. Hakunilaumu kwamba sikununua kwake.

Nyumbani mama mkwe alikuwa anatwanga sombe ya majani ya muhogo. Nilimsimulia yote, na nilipofika kwenye spana alicheka akaangusha mchi. Kisha akauokota, akaupangusa, akaniuliza, "Na wale wanane?"

Alhamisi mfanyabiashara alikuja mwenyewe mpaka shambani kwa baiskeli, viatu vimejaa tope, na mikanda miwili begani. Alivalisha mmoja, akaiwasha mashine, akaisikiliza. Nikamuuliza ule wa pili ni wa nini.

"Ule ni wa siku huu utakatika."

Mtihani wangu ulipima nani ana kitu leo. Haukupima nani atarudi, na mama mkwe alikuwa amenijibu hilo kabla sijatoka nyumbani.

Lakini mvua ilikuwa imetangulia, tangu Jumanne. Tuliwahi kulima mashamba manne yaliyo juu kidogo. Manne ya chini trakta ilizama mpaka ekseli, tukaivuta kwa kamba, tukashusha majembe darini. Tulilima ndani ya tope, kumi na wanne, hakuna aliyeimba. Yale manne yalipandwa kwa kuchelewa, na ilipofika mavuno mama mmoja, mjane, alipata mabeseni matatu ya mahindi kwa mwaka mzima. Nilimsaidia kuyabeba. Hayakuwa mazito, na hilo ndilo lililonitesa njia nzima.

Kikao cha baada ya mavuno kilifanyika uani kwetu. Mjane yule alisimama kabla hata ya sala kwisha.

"Mie ninataka kujua kitu kimoja," akasema. "Muntu wa bandari tunamujua wote. Nani alisema twende kwenye duka?"

Kalamu yangu ilisimama. Nilitaka kuinuka, nasema kweli, magoti yalishaanza. Mama mkwe alinitupia jicho, lile ambalo kila mke wa mtoto wa mtu analijua, na magoti yakarudi.

"Mie," akasema. "Nilipenda ile rangi nyekundu."

Wengine walicheka. Mjane hakucheka. Alimsema mama mkwe wangu kwa Kiswahili, akamaliza kwa Kiholoholo cha kwao, na mwanamke yule mzima, mwenye wajukuu, aliinamisha kichwa akapokea yote. Walimvua ukubwa wa kikundi siku hiyohiyo, wakampa yule mama mnene. Mimi ndiye niliyeandika uamuzi huo, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa na masista shuleni.

Walipoondoka nilimfuata jikoni nikamuuliza kwa nini.

"Mie wananijua tangu tungali wasichana," akasema. "Watanikasirikia mpaka Noeli, halafu watanizoea. Wewe uko bado mugeni kwao. Wewe wangekufukuza." Akanisukumia beseni. "Chambua mchele."

Nilichambua mchele huku nalia, naye akajifanya ni moshi. Usiku ule niliapa kwamba kikao kijacho nitasimama niseme ukweli wote, wanifukuze wakitaka.

Siku ya kikao hicho nilifika mapema. Niliandika majina ya waliohudhuria, jina la mkubwa mpya juu kabisa kama ilivyo desturi, na la mama mkwe wangu chini, la kumi na nne. Mkubwa mpya alipouliza nani ana neno, nikafunga kalamu nikabaki nimekaa.