Nyumba Yetu ya Uvira, Niliyoiona Korea

Majani yakikatwa nyuma ya apatimenti zetu hapa Hopkins, ugenini, harufu ile mbichi hunirudisha Gyeongju, mji wa Korea ambako wafalme wa kale wamezikwa chini ya vilima vya majani, navyo hunyolewa nadhifu kama vichwa vya wanafunzi.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa akimhudumia bibi mmoja Mkorea, tukimwita Halmoni, yaani bibi kwa lugha yao. Alitaka kuuona mji wake mara ya mwisho, na hakutaka kiti chake cha magurudumu kisukumwe na mtu mwingine ila Mama. Mama akasema mtoto hamwachi. Basi nikapanda ndege.

Siwafichi, nilichokitamani siku zile si Korea. Nilitaka kuijua nyumba tuliyoikimbia Uvira wakati wa vita, nikiwa mgongoni kwa Mama. Kila nikiuliza, Mama alinijibu nile, chakula kinapoa.

Halmoni akatupeleka penye ikulu ya kale, kando ya bwawa. Mimi nilitegemea dhahabu. Kumbe ni mabanda machache yaliyojengwa upya, na kwingine mawe ya msingi tu, yamejipanga kwenye majani. Nikaruka safu moja.

“We, unapita kwenye ukuta?” Mama akasema kwa Kiswahili cha Uvira. “Rudi. Mlango njo huu.”

Nikarudi huku nacheka, nikapita alipoonyesha. Sikujua mlango ni wa nani mpaka alipoanza kunyoosha mkono: pale dirisha la kuonea ziwa, huku jikoni, moshi wake ulimkera sana baba yako.

“Na hapa njo ulizaliwa,” akasema. “Mvua ilipiga mabati, hakuna aliyekusikia ukilia.”

Akanitembeza kila chumba. Hata alinikaripia nilipokaribia kukanyaga jiko la makaa.

Halmoni alikuwa juani kwenye kiti chake, amefumba macho. Nilidhani amesinzia, nikaona aibu kwamba tunamchelewesha.

Majuzi, miaka mingi baadaye, nilimpelekea Halmoni uji, anaumwa. Kiswahili hajui hata neno. Akaniuliza taratibu, kwa Kiingereza chake, kwa nini jikoni kwetu kulikuwa mbali hivyo na dirisha.

Kumbe alikuwa ameifuata mikono ya Mama tangu mlangoni, halafu akafumba macho makusudi. Mama angejua anatazamwa, angenyamaza na kurudi kusukuma kiti, nami leo nisingeijua nyumba yetu chumba kwa chumba.