Mgrivea wa Baba na Mkenge wa Bibi

Kijiji chetu kilikuwa mlimani, juu zaidi ya Kinole, ambako mwezi wa saba ukungu huondoka saa nne asubuhi. Nyumba ilisimama kwenye ardhi ya ukoo wa mama. Baba alikuja kuoa tu, na hakupanda kitu cha kudumu bila idhini ya bibi, mama mzaa mama.

Miaka michache baada ya vita, mapadri walimpa baba mche wa mgrivea, mti wa kigeni wa mbao. Akaomba kuupanda mashariki ya uwanja. Bibi alimjibu kupitia kwa mama, ingawa baba alikuwa hatua tatu kutoka hapo, kwa kuwa kwa mila yetu mtu na mama mkwe wake hawakusemeshana.

"Mwambie mumeo apande. Ila mti haumpi mtu ardhi."

"Mwambie nimesikia," baba akasema.

Magharibi ya uwanja ulikuwepo mkenge wa zamani. Ulitanda kama mwavuli, na kipupwe kilipofika ulipukutisha majani, jua likapenya. Ulichafua uwanja, nami niliyefagia niliuchukia. Mgrivea ulikwenda juu, umenyooka, msafi. Baba aliusifu kwa kila mgeni. Kasoro yake ilikuwa moja: haukuvua majani. Ulipoipita nyumba kwa urefu, jua la asubuhi halikutufikia tena miezi yote ya baridi.

Bibi alikuwa na miguu inayovimba kwa baridi. Hakulalamika. Alichukua kigoda chake akaenda kuota jua kwa jirani, siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Watu wakaanza kuuliza kama mkwe amemfukuza. Mama alimfikishia baba maneno hayo wakati wa chakula. Baba alinawa mikono bila kumaliza kula.

Jumamosi aliuangusha mgrivea kwa shoka, peke yake. Nilimwonea aibu, sijui kwa nini. Bibi alirudi na kigoda chake, akasimama mbele yake, akamwambia mwenyewe, bila kupitia kwa mtu:

"Mbao ni zako, baba."

Baba aliinamisha kichwa. Alichana mbao, akatengeneza kitanda cha bibi na milango miwili. Mvua zilipoanza alipanda mkenge pale palipobaki kisiki. Bibi alifariki mti huo ukiwa unamfika baba kiunoni. Baba aliendelea kuupalilia.