Waombolezaji waliobaki kwenye mtandao wetu

Leo nimewafukuza waombolezaji wote nyumbani kwangu. Ngojeni nieleze.

Alama za wanafunzi wangu zilitakiwa ziwe zimetumwa kabla ya saa kumi. Kompyuta inaona mtandao wa nyumbani, lakini haipewi anwani ya IP, ile namba ambayo kila kifaa lazima kiwe nayo ili kiingie mtandaoni. Nikazima, nikawasha. Wapi!

Nikasema leo sitoki kwenye kiti hiki.

Mtandao huu aliufunga marehemu mume wangu, kwenye kikompyuta chake cha Linux. Nikafungua orodha ya anwani. Anwani ni ishirini tu, na alipanga kila simu inayoingia ibaki na yake daima. Kumbe wakati wa msiba tuliwapa wageni wote neno la siri! Shangazi wa Tlawi yumo. Katekista yumo. Kwaya karibu yote imo. Zote ishirini zimejaa!

Nikaanza kufuta.

Shemeji Paskali, jirani yangu, akaita kutoka ng'ambo ya uzio: “Shemeji! Mbona umenikata? Nimekukosea nini?”

“Vumilia, shemeji, utapata nyingine!”

Nikawasha upya. Anwani ikaja. Alama zimefika saa tisa na nusu.

Nanyi wengine mliofutwa, karibuni tu.

Simu ya marehemu mume wangu iko kabatini, imezimwa. Anwani yake sikuifuta. Nafasi zilishatosha.