Mzee wa Ikungi Aliyeonekana Mwanza

Juzi nilikuwa steshenari pale Ikungi, nasubiri kutolewa kopi. Mzee mmoja alikuwa kwenye kompyuta, anataka kuingiza alizeti yake kwenye mnada wa mtandaoni unaofungwa saa kumi jioni. Kila alipofungua ukurasa mpya, tovuti ilimtoa na kumwuliza upya yeye ni nani. Mzee akafunika kibodi kwa kofia yake, binti wa duka asione anachoandika.

"Binti, neno langu la siri umelipeleka wapi?"

"Sijaligusa, babu," alijibu binti wa duka. "Anwani ya mtandao ya duka hili wenye mnada waliifungia, kwa sababu naingia mno kwenye tovuti yao kuulizia bei. Sasa napitia anwani za kukodi, nazo zinabadilika zenyewe. Mara wanakuona uko Tanga, mara uko Mwanza, ndiyo maana wanakutoa."

"Mimi niko kwenye kiti hiki tangu asubuhi!"

"Kiti hawakioni, babu. Ngoja niishikilie anwani moja mpaka tumalize."

Akabonyeza. Mzee akaondoa kofia taratibu, akaingia, na alizeti yake ikapokelewa.

"Sasa niko wapi?"

"Mwanza."

"Mwanza sijafika maishani." Akamtazama kwa jicho la pembeni. "Kwa hiyo Ikungi ya kweli wanaikataa, Mwanza ya uongo wanaikubali, mradi nisihamehame?"

"Ndiyo hivyo, babu."

Alitoka akigeukageuka nyuma. Wengine walicheka, mimi sikucheka. Tangu nimzike mke wangu, kila anayeniuliza hali namjibu "salama". Sijabadilisha jibu hata siku moja, na hakuna aliyenitilia shaka.