Vumbi Chini ya Kitanda

Tshibola aliichukia nyumba yake mwenyewe. Alichukia harufu ya udongo mbichi, na vumbi la kijivu lililotua juu ya ugali wao wa bukari hata ukiufunika, lakini zaidi ya yote alichukia lile shimo. Ngeleka, mumewe, alilichimba katikati ya chumba cha kulala, kama walivyofanya wengi pale mtaani Kasulo, akitafuta madini ya kobalti. Ili majirani wasichungulie, akagongelea turubai dirishani. Ili wezi wasiguse, akapanga magunia ya mawe chini ya kitanda. Mlemle akaponda na kuchekecha, na mlemle mkewe akalala. Kinyaa kitupu!

Kifua cha Tshibola kikaanza kulia filimbi. Kila usiku kilibana, akaamka akikohoa na kutema makohozi mazito yanayonata, mpaka akajionea kinyaa mwenyewe. Mama mkwe wake, Mushiya, alisema kuna mkono wa mtu. Akamfunika blanketi na kumfukiza moshi wa majani. Tshibola alitolewa humo midomo imebadilika rangi, akakimbizwa kituo cha afya.

Alipopata nafuu, muuguzi Marlène alimpa mrija wa soda.

“Mama, funga pua, pumulia humu.”

Akapumua vizuri. Marlène akaubana mrija kwa vidole viwili. “Sasa pumua tena.” Pumzi ikakwama.

“Asthme, ile pumu, njo vile, mama. Njia za hewa zinavimba ndani, nyama zinazozizunguka zinajikaza, na makohozi yanaziba kanafasi kenye kamebakia. Hewa inaingia kwa nguvu, na kutoka njo shida zaidi. Ile filimbi unasikia ni hewa inapita mu kanjia kadogo. Vumbi na moshi njo binaichokoza.”

Akampa pompi ya dawa ya pumu, akamfundisha kuivuta, akamwonya asilale tena penye vumbi.

Nyumbani, Ngeleka alikuwa anachekecha. Hata kichwa hakuinua.

“Mama, iyi shimo njo inatulisha. Vumia kidogo.”

Kuvumilia! Tshibola alimtazama mwanamume huyo mwenye kope za kijivu. Akautoa ule mrija wa muuguzi, akautia mdomoni mwa mumewe, akaubana.

“Bwana, funga pua. Pumulia humu.”

Ngeleka akacheka, akafunga pua, akavuta. Kicheko kikaisha. Mishipa ya shingo ikamsimama, macho yakamtoka, akautema mrija na kuhema kwa kinywa wazi.

“Weye umeutosha mu kinywa,” Tshibola akasema. “Mi wangu uko mu kifua.”

Ngeleka akalitazama turubai, akayatazama magunia. Tshibola alingoja, neno moja tu lingetosha.

“Acha nimalize haya magunia mbili,” akasema mumewe, “kiisha tutaona.”

Tshibola akatema mate juu ya gunia lililokuwa karibu. Akaweka pompi kifuani, akakung'uta godoro mlangoni, akalibeba kichwani hadi kwa dada yake Wivine, ambako sakafu ilikuwa nzima na dirisha lilifunguka.