Nilipiga magoti kumsalimia mama mkwe, mbwa watano wakaniwahi

Admin, jina langu libaki kwako, maana Bukoba ni mji mdogo na wapo walioshuhudia kisa hiki wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, kwetu ni Ngenge, Muleba. Sina mume wala mtoto, wazazi wangu walishatangulia mbele za haki, na ndugu zangu wananikumbuka kukiwa na msiba. Kazi yangu ni kulea mbwa. Ndiyo, mbwa. Kuna nyumba hapa mjini ambako watu wakisafiri wanaacha mbwa wao, tunawalisha, tunawatembeza, na wenyewe wakirudi wanawachukua. Nilipomweleza shangazi yangu aliniuliza, "Yaani mbwa analipiwa gesti?" Nikamjibu ndiyo shangazi, na tandiko anabadilishiwa.

Chekeni tu. Ila mimi naishi chumba kimoja nyuma ya mabanda, na kuna siku nzima inapita sijasema neno na binadamu. Naongea na mbwa Kihaya. Hawajibu, lakini wananisikiliza kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Mwaka jana alikuja seremala kutengeneza milango ya mabanda. Nitamwita Fundi. Amefiwa na mke wake, mtu mpole, kazi ya siku mbili akaifanya wiki mbili, nadhani mmeshanielewa. Akaniambia ana nia ya kweli, na kwamba mama yake akitoka Kishanda kuja mjini kutibiwa macho, atampitisha anione. Nilishona kitenge kwa ajili ya siku hiyo. Walipanga kuja saa saba mchana.

Wakaja saa nne asubuhi. Tulikutana barabarani, mimi nikiwa na gambuti, ovaroli yenye manyoya, na mbwa watano wakubwa wenye nguvu za trekta. Kamba zao zote nilikuwa nimezifunga kiunoni, kwa sababu wiki iliyotangulia mmoja alinichomoka mkononi tukamtafuta mpaka sokoni. Na kuna jambo jingine mnapaswa kulijua. Mbwa hao nimewafundisha mwenyewe: nikisimama, wanatembea kwa adabu. Nikipiga magoti, ni ruhusa ya kucheza na kila mmoja anapewa dagaa kutoka mfukoni mwangu.

Sasa mimi ni binti wa Kihaya. Nikimwona mama wa mchumba wangu nafanya nini? Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi, nikampa mikono miwili, nikasema kwa heshima ya Kihaya, "Shikamoo waitu."

Hakuwahi kusema marahaba. Mbwa watano walinirukia kwa pamoja, nikaanguka chali, na kwa kuwa mama alikuwa bado ameshika mikono yangu, naye akanifuata. Mmoja alikuwa anamlamba masikio. Wawili waliingia kwenye kikapu chake, wakala senene zote alizoniletea, senene alizozichambua na kuzikaanga mwenyewe. Wa nne akanyakua kilemba chake akakimbilia shambani kwa watu, wenzake wakamfuata, na mimi nikaburuzwa nyuma yao kwa makalio mpaka mgomba mmoja ukanihurumia.

Niliporudi nikichechemea, watu walikuwa wamejaa. Mama alikuwa bado amekaa kwenye majani, kichwa wazi, anafuta machozi ya kucheka. "Yamawe!" alisema. "Mwanangu, leo nimesalimiwa na ukoo mzima!"

Fundi hakucheka. Alimwinua mama yake, akampangusa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Umemwangusha mama yangu mbele za watu." Jioni akatuma ujumbe kwamba anatafuta mke, hatafuti vichekesho. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Niliumia. Kitenge kile sijakivaa mpaka leo.

Wiki tatu baadaye, Jumapili mchana, namba ngeni ikanipigia. Alikuwa mama. Alisema, "Namba nimeitoa kwenye simu ya mwanangu, usimwambie. Wale wakwe zangu hawajambo?" Tukacheka mpaka salio lake likaisha. Jumapili iliyofuata akapiga tena, na nyingine tena. Ni miezi minane sasa. Ananiuliza nimekula nini. Nikisema chai na mkate ananigombeza, anasema mtu mzima hashindi na chai kama mgonjwa. Tangu mama yangu afariki hakuna aliyewahi kunigombeza kwa chakula. Jumamosi yote nakuwa na furaha kwa sababu kesho yake ni Jumapili.

Jumapili iliyopita sauti yake ilikuwa tofauti. Aliniambia Fundi amepata mchumba na mwezi ujao anampeleka Kishanda kumtambulisha. Nikampa hongera, na niliimaanisha. Halafu akasema, "Njoo wewe kwanza. Njoo Jumamosi hii nikupikie ndizi, ulale, uijue nyumba yangu. Watoto wangu wako mijini, naongea na kuku."

Ndugu zangu, nikienda, Fundi atasikia, kijijini hakuna siri. Atasema namrudia kupitia mama yake, na anaweza kumkataza hata simu. Mke mpya naye atanionaje? Nikikataa kwenda, yule mzee atajua nimemkataa, naye ana miaka zaidi ya sabini, sijui nimebakiwa na Jumapili ngapi. Nauli ninayo na ruhusa ya kazini nimepewa. Nimefungasha mara mbili nikafungua.

Msiniambie nitafute mwanaume mwingine, huyo sijamuulizia. Fundi nimeshamsamehe na nimemsahau. Ninachoomba mnijibu, hasa nyie kina mama, ni hiki: mwanamke akiachwa na mwanaume, ni lazima amrudishie na mama yake?